Ushairi na Mwanafunzi wa Bara

Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alitoa kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi. Kwa wengi, tungo isiyo na vina na mizani haikuhesabiwa kuwa shairi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe akatoa diwani ya Kichomi, iliyoziacha kanuni hizo; mwaka 1976 wakafuata M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi kwa Malenga wa Bara. Wanamapokeo walipinga vikali. Wanamabadiliko wakajibu kwamba nyimbo za jadi za bara hufuata mapigo ya ngoma, wala hazikungoja vina ndipo ziwe ushairi.

Hoja hiyo yamhusu sana mwanafunzi wa Mpanda, mkoani Katavi, nchi ya Wabende, Wakonongo na Wapimbwe. Akifundishwa kuhesabu mizani tu, ataona ushairi ni mali ya pwani na nyimbo za bibi yake si kitu. Basi mwalimu na aweke utenzi, shairi huru na wimbo wa kijijini katika somo moja, kisha aulize: kila mtunzi amepataje mapigo yake? Kanuni nazo zifundishwe kikamilifu, maana asiyeijua sheria hawezi kutambua kilichovunjwa, wala sababu ya kuvunjwa kwake.