Rehani ya Elimu katika Pwani ya Ruvuma

Tangu ghuba ya Sudi hadi Msimbati, na kutoka huko hadi mahali mto Ruvuma unapomwagika baharini, elimu haikupata kulipiwa kwa fedha taslimu ila na wachache wenye majahazi na mashamba ya minazi. Walio wengi waliipata kwa rehani, na kilichowekwa rehani aghalabu hakikuwa mali, maana mali haikuwapo, bali nguvu za mwanafunzi mwenyewe na miaka yake ya mbele. Habari hii ni ya kale kuliko vyuo vikuu vyetu, wala haimwelei vema yule aanzaye kuihesabu tangu siku Bodi ya Mikopo ilipofungua ofisi zake.

Mwalimu wa Kurani wa Mikindani au Sudi hakuwa na mshahara. Mtoto alipotiwa chuoni wazee wake walimpa mwalimu kitu kidogo cha kufungulia, kisha ada ikafuata kwa vituo, kila mwanafunzi alipovuka sehemu ya msahafu, hata ikafika siku ya kuhitimu, ambapo kila mzazi alipeleka alichojaaliwa, mwenye nguo nguo na mwenye mbuzi mbuzi. Asiyekuwa na kitu hakurudishwa kwao. Asubuhi aliandika ubao wake kwa wino, akausoma hata akauhifadhi, akauosha ili aandikiwe mwingine. Na jua lilipopanda alitumwa kuteka maji, kuchanja kuni au kupalilia muhogo wa mwalimu, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ada yake. Wapo walionung'unika, nao hawakunung'unika bure, ya kuwa baadhi ya walimu waliipenda mikono ya watoto kuliko masomo yao. Lakini hata hao hawakukana kwamba mtoto wa fukara alitoka pale akijua kusoma, wala kwamba hesabu baina ya mwalimu na mzazi ilikwisha siku ya hitima. Lilikuwa deni lenye mwisho unaojulikana, na sifa hiyo sikuiona tena katika madeni yaliyokuja baadaye.

Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walipojenga Masasi mwaka 1876, chini ya Askofu Edward Steere, pamoja na watu waliokombolewa utumwani, walileta mkataba wa namna nyingine. Mfano wake bora ni Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa mtumwa angali mtoto, akasomeshwa katika shule ya misheni ya Kiungani kule Unguja, akapelekwa hata chuo cha St Augustine's cha Canterbury, akarudi kuhudumu Chitangali, na mwaka 1890 akawekwa kuwa padri, Mwafrika wa kwanza kupata daraja hiyo katika misheni ile. Gharama zote zilitoka katika sadaka za waumini wa Uingereza, naye hakutoa hata pesa moja. Alichotoa ni umri wake. Na vivyo hivyo, kwa daraja ndogo zaidi, vijana waliosoma Chidya, chuo kilichofunguliwa mwaka 1923, au kwa Wabenediktini wa Ndanda waliokuwapo tangu mwaka 1906, walijua kwamba mwisho wa masomo ni kupelekwa kijiji fulani kufundisha kwa mshahara wa kununulia chumvi na shuka. Njia hiyo ya misheni ndiyo iliyompeleka Benjamin Mkapa, Rais wa baadaye, aliyezaliwa mwaka 1938, kutoka Ndanda hadi Kigonsera, kisha Pugu, na hatimaye Makerere, alikopata shahada yake mwaka 1962.

Ila Mwislamu wa pwani aliiona rehani hiyo ni nzito kupita kiasi, kwa sababu alidhani, na mara nyingine hakukosea, kwamba mwanawe angerudi na jina jipya na dini mpya. Ndipo likatokea jambo la ajabu, ya kwamba nchi ya bara, Masasi na Newala, ambako herufi zilifika jana, ikatangulia kutoa makarani na walimu, ilhali Mikindani, iliyokuwa ikisoma na kuandika kwa karne nyingi, ikabaki nyuma, ikashika kalamu isiyotakiwa na ofisi yoyote. Sioni haki kuwalaumu wazee wale kwa ujinga, kwani walipima bei wakaikataa.

Upande wa fedha zenyewe, Wajerumani walipoanzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, kila senti iliyoingia nyumbani ilikuwa imekwisha kudaiwa kabla haijatiwa kibindoni, na mwanamume wa Kimakonde aliyekwenda kukata mkonge katika mashamba ya Lindi na Mikindani, kipande chake, yaani kadi ya kazi, kikijazwa siku kwa siku, alifanya hivyo ili asifungwe, si ili mwana asome. Mpango wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947, ulioipatia Mtwara bandari yake ya maji ya kina na reli ya kwenda Nachingwea, uliwafundisha baadhi ya vijana udereva na ufundi wa mitambo. Ukafa baada ya miaka michache, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kilichobadilisha mambo ni mkorosho. Mti huu ulioletwa na Wareno, na ambao mkulima mdogo aliusambaza katika uwanda wa Makonde hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, ulimpa baba wa Kusini kitu ambacho hakupata kuwa nacho, yaani fedha inayorudi kila mwaka bila kupanda upya. Mavuno ya nchi nzima yalifika tani 145,000 hivi katika msimu wa 1973/74, nayo kwa sehemu kubwa yalitoka Mtwara na Lindi. Hapa ndipo wageni walipoanza kusema, na wangali wakisema, kwamba watu wa Kusini humaliza fedha ya korosho kwa ngoma za jando na unyago. Yako matumizi ya kupita kiasi, hilo halifichiki. Lakini anenaye hivyo husahau kwamba unyago ndiyo shule ambayo ukoo mzima uliichangia bila kuambiwa na mtu. Na kwamba miongoni mwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba aliyemtoa mtoto jandoni ndiye huyo huyo aliyeulizwa siku barua ya shule ilipofika. Kisha watu wakahamishiwa katika vijiji mbali na mikorosho yao, bei ikaanguka, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, na ilipofika katikati ya miaka ya 1980 mavuno hayakufika hata tani 20,000 katika baadhi ya misimu.

Kwa bahati, katika sehemu kubwa ya miaka hiyo ya dhiki ada haikuwako. Serikali huru ilikwisha kuzifuta ada za sekondari mapema katika miaka ya 1960, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanzia katika jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba, Oktoba 1961, hakikumdai mtoto wa mkulima kitu. Walakini serikali nayo ilikuwa na rehani yake. Wanafunzi walioandamana Oktoba 1966 kuipinga sheria ya kulitumikia Taifa, iliyowataka wakae kambini miezi mitano kisha wafanye kazi miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara, walirudishwa makwao karibu 400 kwa amri ya Rais Nyerere. Na Azimio la Musoma la Novemba 1974 likazidisha sharti: aliyemaliza kidato cha sita asiingie chuo kikuu mpaka awe amepita Jeshi la Kujenga Taifa, amefanya kazi walau miaka miwili, na amependekezwa na mwajiri wake na tawi la chama.

Wengi wameliandika azimio hilo kwa kejeli. Mimi naliona lilikuwa na shabaha njema, kwa kuwa lilimtaka msomi alijue jasho kabla ya kuijua nadharia. Ila lilidhani kwamba kazi zimetawanywa nchini kwa usawa kama mvua. Kijana wa Dar es Salaam alikuwa na wizara na mashirika ya umma ya kubisha hodi. Kijana wa Kitaya au Kilambo, kando ya Ruvuma, ng'ambo ikiwa vitani hadi mwaka ule wa azimio, alikuwa na bandari, shule, ofisi chache za serikali, na viwanda vya kubangua korosho ambavyo vingine vilifungwa baada ya muda mfupi. Wasichana walisamehewa sharti la kazi baada ya muda si mrefu, maana ilionekana kwamba miaka ile ya kungoja iliwaingiza katika ndoa badala ya chuo.

Uchangiaji wa gharama za chuo ulirudi katika miaka ya 1990, na kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 ikaundwa Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi Julai 2005. Sasa mwombaji huhitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa usajili, RITA, cheti cha kifo ikiwa mzazi amefariki, muhuri wa serikali ya kijiji, saini ya hakimu au wakili, na mdhamini, kisha hungoja majina yatoke kwa awamu. Bumu la kwanza, yaani fedha ya kujikimu, haliji kabla ya kufika chuoni, nayo nauli ya basi na vitu vya kuanzia vinatakiwa kabla. Hapo ndipo mahitaji hayo hukutana na kalenda ya mkorosho, ambao huchanua katikati ya mwaka na kuokotwa kuanzia Septemba au Oktoba.

Mnunuzi wa kangomba, yaani wa magendo ya korosho, huijua kalenda hiyo kuliko afisa yeyote. Huja Julai au Agosti, maua yangali mtini, na noti mkononi. Mkulima huahidi magunia ya msimu ujao kwa bei ya kutupa, na kijana husafiri. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo mara nyingi, na mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mwaka 2007, ulikusudiwa kuiua kwa kumpeleka mkulima kwenye chama cha msingi na mnadani. Bei ya mnada ni bora, lakini malipo husubiri mnada, na baada ya mnada husubiri benki. Msimu wa 2018, serikali ilipoinunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, uhakiki wa kuwatafuta watu wa kangomba uliwachelewesha kwa miezi hata wakulima wasio na hatia, na vyuo havikuahirisha usajili kwa ajili yao.

Aliyehitimu na kuajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni la Bodi liishe. Asiyeajiriwa, deni humngoja. Mjomba aliyeuza maua ya mikorosho yake hana namna ya kukata mshahara wa mtu, lakini hudai kwa njia yake: mwaka wa pili wa kazi humpeleka mwanawe au mpwa mwingine akakae kwa yule msomi Dar es Salaam, ale hapo, alale sebuleni, asomeshwe, na ninavyoona mimi, katika nyumba nyingi za Mbagala na Temeke deni hilo ndilo linalolipwa kwa wakati.