Urejeshaji wa Wanyamapori: Neno na Mzigo Wake

Katikati ya mwaka 2015 simba saba, majike watano na madume wawili, walisafirishwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini hadi Kigali, kisha kwa lori mpaka Hifadhi ya Taifa ya Akagera, mashariki mwa Rwanda. Kwa tukio kama hilo mwandishi wa Kiswahili ana vitenzi vinne mkononi: kuhamisha, kupandikiza, kurudisha na kurejesha. Vyombo vyetu vya habari huvichanganya, hata ndani ya habari moja. Wataalamu wa uhifadhi wana jina mahususi la jambo hili, ambalo kwa Kiingereza ni reintroduction, nami naona istilahi inayolibeba sawasawa ni urejeshaji. Nitaeleza kwa nini, maana jina tunalolichagua ndilo linalofungua au kufunga maswali ambayo mwanakijiji wa jirani na hifadhi ana haki ya kuyauliza.

Mwongozo wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, uliotolewa mwaka 2013, unaeleza urejeshaji kuwa ni kuwaachia viumbe wa spishi fulani katika eneo ambalo spishi hiyo iliishi kwa asili, kisha ikatoweka, kwa nia ya kujenga upya kundi linaloweza kujiendeleza lenyewe porini. Uhamishaji ni jina pana zaidi. Oktoba 2024 Kenya ilipowatoa tembo wapatao 50 Mwea na kuwapeleka Aberdare, huo ulikuwa uhamishaji: Mwea tembo walikuwa wameizidi hifadhi, na Aberdare walikuwapo wengine tayari. Upandikizaji nao ni kumpeleka kiumbe mahali ambapo spishi yake haikuwa na asili. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanalijua neno hili kwa sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950. Sokwemtu wa Kisiwa cha Rubondo, walioletwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya kati ya 1966 na 1969, wamo katika kundi hilohilo. Wamezaana na wanaishi vizuri, lakini kisiwa hakikuwa na sokwemtu kabla yao.

Kurudisha ndiko kunakotatanisha zaidi, kwa sababu katika mazungumzo ya kawaida kunafanana sana na kurejesha. Hata hivyo, kitenzi hiki kina kazi yake tayari. Tembo wakiingia mashambani usiku, askari wa wanyamapori huitwa kuwarudisha hifadhini: tembo walewale, hifadhi ileile waliyotoka jioni. Simba wa Akagera hawakuwa wamewahi kuiona Rwanda. Kilichorejeshwa ni spishi, na pamoja nayo hali ya pori lenye mla nyama mkubwa. Hapo ndipo kurejesha kunapofaa, kwa kuwa tayari tunasema kurejesha uoto wa asili na kurejesha amani, hata kama mti uliopandwa leo sio ule uliokatwa.

Kuna sababu nyingine, nayo naiona nzito kuliko zote. Kurejea na kurejesha ni vitenzi viwili. Mbwa mwitu wa Ulaya walirejea Ujerumani wenyewe, wakivuka kutoka Poland kwa miguu yao, na mwaka 2000 wakazaa huko. Wale wa Yellowstone, Marekani, walirejeshwa: mwaka 1995 walikamatwa Kanada, wakawekwa kwenye vizimba, wakaachiwa na serikali. (Msomaji aangalie kwamba jina mbwa mwitu kwetu linambeba pia mnyama mwingine kabisa, yule mwenye madoa wa Serengeti na Selous, na habari nyingi zilizotafsiriwa zinawachanganya hawa wawili.) Anayerejea hana wa kuulizwa. Anayerejeshwa ana mrejeshaji, mtu au taasisi iliyoamua, iliyosaini na iliyofungua mlango wa kizimba. Kiambishi cha usababishi katika kurejesha kinaweka mhusika ndani ya neno lenyewe, nasi tukitumie kumtafuta.

Rwanda inatupa mfano mzuri wa kulipima jambo hili, kwa sababu ni miongoni mwa nchi zenye msongamano mkubwa wa watu barani: sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 13, takriban 500 kwa kila kilomita ya mraba. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, wakimbizi wa miaka mingi walirudi na ng'ombe wao, na ardhi ikahitajika. Mwaka 1997 serikali ilimega zaidi ya nusu ya Akagera na kuwapa watu, hifadhi ikabaki na kilomita za mraba zipatazo 1,100. Simba hawakujua kwamba mpaka umesogea. Walikula ng'ombe, na wafugaji wakajibu kwa sumu. Mfugaji huupaka sumu mzoga wa ng'ombe aliyeuawa na kuuacha palepale. Usiku simba wanarudi kumalizia chakula chao, asubuhi wamelala pembeni mwake, na fisi na tai waliofuata wamelala nao. Miaka ya 2000 ilipoanza, simba walikuwa wamekwisha.

Kwa hiyo kabla ya kuleta simba ilibidi kuondoa kilichowamaliza wale wa mwanzo. Mwaka 2010 Bodi ya Maendeleo ya Rwanda iliingia ubia na shirika la African Parks kuiendesha hifadhi. Mwaka 2013 ulikamilika uzio wa umeme wa jua wenye urefu wa kilomita 120, upande wa magharibi wanakoishi watu. Upande wa mashariki kuna maziwa, vinamasi na Mto Kagera. Simba walikuja miaka miwili baada ya uzio. Waliwekwa kwanza kwenye boma ili watulie na kuchunguzwa afya, wakavalishwa kola zenye visambaza mawimbi shingoni, ndipo wakaachiwa. Nchi ina mfuko wa dhamana unaolipa madhara ya wanyama wa hifadhi. Leo simba wamepita 40, na vifaru weusi 18 walifuata mwaka 2017. Naamini kabisa kwamba mpangilio huo, uzio na mfuko kwanza, mnyama baadaye, ndio ulioufanya urejeshaji uwezekane mahali penye watu wengi kiasi hicho.

Sasa tazama uhamishaji wa tembo kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kasungu, nchini Malawi, mpakani na Zambia. Julai 2022 tembo 263 walisafirishwa kutoka Liwonde, ambako walikuwa wamejaa, hadi Kasungu, ambako ujangili ulikuwa umewapunguza hadi wachache mno. Kazi ya malori, kreni za kunyanyulia na sindano za usingizi ilifanyika kwa ustadi. Lakini uzio ulikuwa haujakamilika. Tembo walitoka. Watu wameuawa pande zote mbili za mpaka, mahindi yameliwa, na wakazi wametafuta mawakili ili kudai fidia. Hapa pia hapakukosekana nia njema, nami siwashutumu waliowapenda tembo. Ila mkulima wa Kasungu alistahili nafasi ya kusema subirini uzio ufike kwetu.

Na wakati mwingine anayeumia ni mnyama mwenyewe. Mwaka 2018 Kenya iliwahamishia vifaru weusi 11 Tsavo Mashariki kutoka Nairobi na Nakuru. Maji ya huko yalikuwa na chumvi kuliko waliyoyazoea. Walikunywa, wakazidi kupata kiu, wakanywa tena. Kumi walikufa, na wa kumi na moja akashambuliwa na simba. Hakusalia hata mmoja.

Istilahi ya urejeshaji haijakamilika bila ndugu zake wa upande wa malipo. Kenya, katika sheria yake ya wanyamapori ya 2013, ilitaja fidia, ikaweka shilingi milioni tano kwa aliyeuawa. Tanzania ina kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, na kanuni za 2011 ziliweka shilingi milioni moja ya Tanzania kwa kifo. Majina haya mawili ya Tanzania ni ya kweli, kwa sababu sheria yenyewe ilikusudia kufariji, haikukusudia kulipa thamani ya kilichopotea. Tatizo linakuja pale ambapo mnyama hakuwapo, kisha akaletwa. Mwanakijiji aliyekuwa akiishi jirani na tembo tangu enzi za babu yake anaweza kupewa kifuta machozi. Yule aliyeletewa tembo na taasisi fulani kwa lori anadai fidia, na anaidai kwa haki, kwa kuwa mrejeshaji anajulikana.

Nawaomba wahariri, wafasiri na maofisa habari wa hifadhi walitumie neno urejeshaji kwa uangalifu huo. Mnapoliandika, mtajeni mrejeshaji kwa jina, semeni spishi ilitowekaje pale na kama sababu hiyo imeondolewa, na elezeni ng'ombe wa kwanza akiliwa atalipwa na nani. Yakikosekana majibu hayo, andikeni uhamishaji.