Miezi Minane ya Kuungoja Uhuru

Tarehe iliyotangazwa mwanzo haikuwa Desemba 9. Mkutano wa katiba uliofanyika Dar es Salaam mwishoni mwa Machi 1961 ulikubaliana kwamba Tanganyika ijitawale ndani kuanzia Mei mosi, na iwe huru kamili Desemba 28. Baadaye tarehe hiyo ilirudishwa nyuma kwa siku kumi na tisa, na hivyo ndivyo Desemba 9 ilivyoingia katika kalenda zetu. Ukitaka kujua mji ulivyouandaa uhuru, anza na siku zile za Machi katika Ukumbi wa Karimjee, si usiku wa manane wa Uwanja wa Taifa ambao kila mwaka tunaonyeshwa picha zake.

Jirani zetu wa Kenya walilazimika kupanda ndege kwenda Lancaster House, London, kujadili katiba yao. Kwa Tanganyika mambo yalikuwa kinyume. Iain Macleod, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alifunga safari akaja Dar es Salaam, na mazungumzo yakafanyika mjini penyewe, umati ukiwa nje ya ua. Ipo picha maarufu ya siku hizo: Julius Nyerere amebebwa juu juu na watu, mabega yamejaa mashada ya maua, na bango la Kiingereza linatangaza uhuru kamili 1961. Mtu anayetazama picha ile leo huona ushindi. Mimi naona pia kazi iliyokuwa inaanza, kwa sababu tangu siku ile mji ulikuwa na miezi minane na ushei ya kuamua uhuru huo utakuwa wa nani.

Swali hilo lilikuwa limechorwa ardhini. Sensa ya 1957 ilikuta watu wapatao 129,000 Dar es Salaam, na mji wao ulikuwa umegawanywa mapande matatu tangu enzi za Wajerumani na Waingereza: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati penye maduka, na Uswahilini kuanzia Kariakoo kwenda ndani. Mnazi Mmoja, uwanja tunaoujua kwa mikutano na mapumziko, uliachwa wazi makusudi ili utenge Kariakoo na Uhindini. TANU, chama cha Nyerere, iliugeuza mpaka huo kuwa jukwaa. Hapo na Jangwani ndipo chama kilipokusanya watu tangu miaka ya mwanzo baada ya kuanzishwa Julai 7, 1954, na ndipo akina mama wa ngoma za lelemama, wakiongozwa na Bibi Titi Mohamed, walipoleta siasa iliyoimbwa na kuchezwa. Mtu asiyemtaja Bibi Titi anapoandika habari za mji ule hajauandika mji ule. Vikundi vya ngoma vilikuwa na viongozi wake, sare zake na mitandao yake ya nyumba hadi nyumba kabla TANU haijazaliwa. Chama kilipohitaji kufikisha habari uswahilini kwa jioni moja, njia zilikuwepo tayari.

Madaraka nayo yalikuwa yamekwisha kuanza kubadili mikono. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria, na Nyerere akawa Waziri Kiongozi. Mwaka huo huo Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa meya wa Dar es Salaam. Wapenzi wa ushairi wanamjua kwa kitabu chake juu ya sheria za kutunga mashairi, ambacho mpaka leo ndicho watu hukimbilia pakizuka ubishi wa vina na mizani. Napenda kukumbuka kwamba mji ulipokuwa ukijiandaa kwa uhuru, joho la umeya lilikuwa limevaliwa na malenga.

Kuna jengo jingine lililobeba matumaini ya mwaka ule. Katika New Street, leo Mtaa wa Lumumba, TANU ilikuwa na jengo lake jipya. Oktoba 25, 1961, wiki sita kabla ya uhuru, chuo kikuu cha kwanza cha nchi kilifunguliwa humo kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika ishirini. Chama kilichokuwa kinaelekea kushika dola kilitoa nyumba yake ili watu wasome. Uhaba ulikuwa mkubwa kiasi hicho. Waafrika walishika takriban robo tu ya nafasi za ngazi ya kati na ya juu serikalini, na vyama vya wafanyakazi, kile cha reli kikiwa mbele, vilikuwa vinadai kwa sauti kali nafasi hizo zitolewe kwa wananchi upesi. Kwa karani aliyekaa meza moja miaka kumi chini ya Mzungu aliyemzidi mshahara, Desemba ilikuwa na maana inayohesabika.

Mjadala mzito kuliko yote wa miezi ile ulirudi Karimjee, Oktoba hiyo hiyo. Serikali ilileta muswada wa uraia. Ulisema hivi: aliyezaliwa Tanganyika, na mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika, atakuwa raia siku ya uhuru bila kuulizwa rangi; wengine waliokuwa wakiishi nchini wangepewa miaka miwili ya kuomba kuandikishwa. Wapo wabunge wa TANU yenyewe waliosimama kupinga. Walitaka uraia uwe wa Waafrika kwanza. Hoja yao haikutoka hewani, kwani walikuwa wanawasemea watu waliokatazwa mlango wa hoteli na klabu katika nchi yao, waliokopeshwa dukani kwa masharti ya mwenye duka, na waliokuwa wanajua nani alikuwa na nyumba ya ghorofa na nani alikuwa amepanga chumba.

Nyerere aliwajibu kwa ukali ambao hakuwa ameuonyesha kwa Waingereza. Aliwaambia kwamba kupima uraia kwa rangi ni njia ile ile ya Hitler na ya makaburu wa Afrika Kusini, na akaweka wazi kuwa muswada ukikataliwa, yeye na serikali yake watajiuzulu. Hebu fikiria uzito wa tamko hilo. Zilikuwa zimebaki wiki saba. Hakuna aliyejua nchi ingeuendea vipi uhuru bila yeye, na yeye alikuwa tayari kuyaacha yote juu ya neno moja katika sheria. Muswada ulipita.

Aliyekaa kiti cha Spika wakati ule alikuwa Abdulkarim Karimjee. Ukumbi wenyewe ulikuwa zawadi ya familia yake kwa mji, Mabohora wenye asili ya India waliojenga biashara yao Zanzibar tangu karne ya kumi na tisa kabla ya kuvuka kuja bara. Basi mtu wa jamii iliyokuwa inajadiliwa ndiye aliyewapa wabunge ruhusa ya kusema, wanaoiunga mkono na wanaoipinga, chini ya paa lililojengwa kwa fedha za nyumba yake. Wakazi wengi wa Dar wa leo wanaijua Karimjee kwa misiba ya viongozi, wanapopanga mstari kuaga mwili. Ningependa waijue pia kwa siku ile ya Oktoba, maana ndiyo iliyoamua nani angesimama uwanjani Desemba 9 kama mwenyeji na nani kama mgeni.

Nje ya ukumbi, mwaka 1961 ulikuwa mgumu. Ukame uliunguza mashamba na njaa ikaingia mikoa kadhaa; kisha mvua za mwisho wa mwaka zikaja kwa wingi usio wa kawaida Afrika Mashariki nzima. Maandalizi yaliendelea hivyo hivyo. Magazeti ya Kiswahili kama Mwafrika na Ngurumo yalisomwa kwa sauti barazani ili wasiojua kusoma wapate habari, na redio ilizileta jioni. Bendera mpya ilikuwa kijani na nyeusi, rangi za TANU, zikitengwa na mistari myembamba ya dhahabu. Wimbo ulikuwa ule wa Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, uliovishwa maneno ya Kiswahili.

Hata posta ilijiandaa. Seti ya stempu zilizotolewa siku ya uhuru ni orodha ya matarajio ya nchi: mwalimu na wanafunzi, mchumaji wa kahawa, mavuno ya mahindi, muuguzi na mtoto, simba wa Serengeti, almasi, bandari ya Dar es Salaam. Stempu ya shilingi moja na senti thelathini ilichora mwenge juu ya Kilimanjaro, na wino wake ulikuwa umekauka kabla mwenge wenyewe haujafika kileleni.

Mwenge huo nao ulianzia Karimjee. Oktoba 22, 1959, Nyerere aliliambia Baraza la Kutunga Sheria kwamba angetaka mwanga uwashwe juu ya mlima ule, umulike hata nje ya mipaka, penye chuki ulete upendo na penye dharau ulete heshima. Miaka miwili baadaye maneno hayo yaligeuzwa kuwa amri ya kijeshi. Luteni Alexander Nyirenda, mmoja wa maofisa wachache Waafrika waliopata mafunzo Sandhurst, alipewa kazi ya kupandisha mwenge na bendera hadi Kibo. Mlima ule haupandwi kwa siku moja. Kwa hiyo wakati Dar inafunga mapambo na kumpokea Mwanamfalme Philip, aliyekuja kumwakilisha Malkia, Nyirenda na wenzake walikuwa njiani tayari, wakipanda kuelekea kwenye baridi.

Usiku wa Desemba 8 watu walijaa Uwanja wa Taifa, ule ambao baadaye uliitwa Uwanja wa Uhuru na ambao wenyeji wanauita Shamba la Bibi. Ilipokaribia saa sita taa zilizimwa. Bendera ya Uingereza ilishushwa gizani, na taa zilipowashwa tena, ya Tanganyika ilikuwa juu. Gavana Sir Richard Turnbull alibaki kama Gavana Mkuu, jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Jamhuri ilikuja mwaka mmoja baadaye. Desemba 10 Dar es Salaam ilipewa hadhi ya jiji. Januari 22, 1962 Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili arudi kukijenga chama, akamwachia Rashidi Kawawa.

Usiku ule ule taa zilipowaka, ile miaka miwili ya kuomba uraia nayo ilianza kuhesabika. Katika nyumba za Uhindini familia zilianza kujadiliana: baba aombe na watoto wangoje, au waombe wote, au wabaki na pasipoti ya Uingereza. Kwao kungoja kuliendelea hadi Desemba 1963, na si wote waliokwenda kuandikishwa.