Wanyama wa Tingatinga

Msafiri uliyefika Babati kwa njia kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma, nawe umekwisha kuwaona tembo wa Tarangire na viboko wa Ziwa Babati, elewa ya kuwa wanyama kama hao ndio waliompatia sifa marehemu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, ambaye, pasipo kusomea uchoraji katika chuo chochote, alianza mnamo 1968 huko Dar es Salaam kuwachora juu ya vibao vya mraba kwa rangi ing'aayo, ile ile ipakwayo baiskeli.

Wako wataalamu walioidharau sanaa hii kuwa ni bidhaa ya watalii. Rai hiyo hatuikubali. Picha zake hazimtaki mtazamaji elimu wala tafsiri: chui ni chui, madoadoa yake yamepangwa kwa nidhamu na furaha, na mtoto humfahamu sawasawa na mzee. Kwa sababu hiyo zilivuka bahari na kupata wapenzi wengi hata Japani, nchi ya msanii Yayoi Kusama, ambaye naye amewateka walimwengu kwa maboga yenye madoa.

Tingatinga aliuawa mwaka 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu, lakini wanafunzi wake waliishika kazi, na mwaka 1990 ushirika wao ukaundwa.

Atakaye kuona uchoraji wa kale zaidi na aendelee na njia hii hadi Kolo, wilayani Kondoa, penye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006.