Kimbunga cha Mbali, Shamba la Cucu

Machi 2018 nilikuwa nimeacha chuo, karo imenishinda, nimerudi Kianjokoma kuchuma chai na cucu. Mvua ilianza na haikutulia. Maharagwe yakaoza shambani. Redio ilitaja vimbunga viwili, Dumazile na Eliakim, na mimi nikajiuliza: Madagascar na Embu wapi na wapi?

Jibu lilianzia mbali zaidi. Mwaka 1971 Wamarekani wawili, Roland Madden na Paul Julian, walipekua rekodi za upepo za karibu miaka kumi kutoka Canton, kisiwa kidogo cha Pasifiki kilicho karibu na ikweta kama sisi. Wakaona pepo zinabadilika na kurudi kila baada ya siku 40 hadi 50 hivi. Kumbe ni wimbi kubwa la hewa na mawingu, linalotoka Bahari ya Hindi kwenda mashariki polepole, kama boda iliyobeba magunia ikipanda huku kwetu.

Wimbi hili huandaa mahali pa kimbunga. Hewa yenye unyevu hupanda, na nyuma yake pepo za magharibi huvuma kando ya ikweta. Zikipishana na pepo za mashariki, hewa huanza kuzunguka. Mwaka ule wimbi lilikuwa juu ya Bahari ya Hindi, na vimbunga vikawa upande wa mashariki wa Madagascar. Vikavuta hewa ya Kongo yenye unyevu ikapita juu yetu. Msimu huo huo, tarehe 9 Mei, bwawa la Solai kule Nakuru lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40.

Basi Machi 2019 niliposikia Idai, nilijiona mtaalamu. Nikamwambia cucu apande mapema.

"Una hakika?"

"Hata mwaka jana ilikuwa hivi hivi, cucu."

Haikuwa hivi hivi. Idai kilikuwa magharibi ya Madagascar, kwenye mlango wa Msumbiji. Kilipiga Beira, na watu zaidi ya 1,000 wakafa Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Kwetu, unyevu ulivutwa kusini na masika yakachelewa. Vumbi tupu.

Cucu alifukua mbegu moja kwa kidole, akaitazama, akairudisha. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Mbegu za pili nilinunua mimi, kwa pesa za makala yangu ya kwanza.