Picha ya Mzee na Ndugu Zake Wawili

Kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo kuna binamu mmoja ambaye kazi yake ni kututisha. Ikifika saa nne usiku, watu wakianza kulala, yeye ndiyo anaamka: picha za kale zilizogeuka rangi ya kahawia, watoto wenye macho meupe, harusi ambayo ati bibi harusi alikuwa maiti. Nyingi ni uongo mtupu na sote tunajua, lakini tunafungua tu.

Siku moja akatuma iliyonifanya niketi kitandani. Mzee wa Kigiriama amesimama na mbao mbili ndefu zilizochongwa, zenye vichwa lakini hazina mikono. Chini binamu ameandika: "Mchawi wa Kilifi na majini yake. Usifungue ukiwa peke yako."

Hiyo picha naijua. Yule mzee si mchawi. Jina lake ni Kalume Mwakiru, na wale wawili si majini. Ni ndugu zake.

Nilianza kuandika jibu, nikafuta, nikaandika tena. Mwishowe nikaona hadithi yenyewe haitoshi kwenye ujumbe wa simu. Na ukweli usemwe, kweli inatisha, ila si kwa sababu aliyodhani binamu yangu.

Tuanze na zile mbao. Kwa Wagiriama, mojawapo ya makabila tisa ya Wamijikenda, mtu akifa haondoki kabisa. Roho yake, koma, hubaki karibu na mji wake. Anaweza kumjia mtu ndotoni akalalamika kwamba ana baridi, au amesahauliwa. Basi husimikwa kijiti cha kumkumbuka, na chenyewe pia huitwa koma. Lakini kama marehemu alikuwa mtu wa Gohu, kile chama cha wazee wenye heshima na mali, hapo mambo huwa makubwa. Fundi huitwa, mti mgumu usioliwa upesi na mchwa hukatwa, hunakshiwa pembetatu ndogo ndogo na kupakwa rangi. Hicho ndicho kigango. Vingine vinampita mtu mrefu kwa kimo. Kikishasimikwa, hufungwa vitambaa, humwagiwa tembo la mnazi, hupewa chakula. Mtu huenda akaongea nacho kama unavyoongea na kaka yako mkubwa: mvua imechelewa, mtoto anaumwa, tufanyeje?

Na kuna sharti moja. Kigango hakiondolewi. Familia ikihama kutafuta shamba jipya, kigango hubaki palepale, jua na mvua vikile taratibu mpaka kirudi udongoni. Mgeni akipita atasema kimetupwa. Hakijatupwa. Wewe ukihama Mombasa kwenda Nairobi, unang'oa kaburi la babako ukaondoka nalo?

Sasa ile picha. Ilipigwa mwaka 1985 na Monica Udvardy, mwanaanthropolojia kutoka Marekani aliyekuwa akifanya utafiti miongoni mwa Wagiriama. Mzee Kalume alikuwa amewasimikia vigango ndugu zake wawili waliofariki. Wakapigwa picha pamoja, wa hai na wa mbao. Picha ya familia, basi.

Muda si mrefu baadaye, vigango vyote viwili vikaibwa.

Udvardy aliporudi kumletea mzee nakala ya picha yake, alikuta hivyo. Hebu jaribu kuwaza hiyo hali. Umeletewa picha ya ndugu zako siku ambayo picha ndiyo kitu pekee kilichobaki. Mzee alimwomba amsaidie kuwatafuta. Kwani angeanzia wapi? Polisi angewaambia nini, kwamba kaka zake wamepotea, nao walikufa zamani?

Wakati huo vigango vilikuwa biashara. Kuanzia miaka ya 1970 wanunuzi wa sanaa wa Marekani walikuwa wamevipenda. Mnyororo ulikuwa mfupi na ulianzia hukuhuku kwetu: kijana asiye na kazi anayejua mji wa nani una vigango, usiku mmoja na panga, halafu duka la vinyago la kuuzia watalii, halafu meli au ndege. Yule kijana alipata hela ya kununua labda viatu. Huko mbele bei ilipanda mpaka maelfu ya dola, na mababu zetu wakaishia kwenye sebule za watu wa Hollywood. Wengine, walipochoka navyo, walivitoa zawadi kwa makumbusho. Humo vikapewa nambari. Si jina la marehemu wala la mji wake wala la fundi aliyemchonga. Nambari.

Hapa ndipo napata kichefuchefu kidogo. Kwa sababu yule kijana wa panga hakuwa mgeni. Alikuwa mmoja wetu. Pengine alikuwa ameshaambiwa mara nyingi kanisani au shuleni kwamba zile ni mbao za shetani, kwa hiyo kuziiba si kuiba. Na sisi wajukuu tumerithi masikio yaleyale. Tukiona kigango tunasema uchawi, tukiona mzee mwenye mvi na macho mekundu tunasema mchawi. Kilifi tumezika wazee wengi waliouawa kwa neno hilo moja. Kwa hiyo maneno aliyoandika binamu chini ya picha si mzaha mdogo kama anavyodhani.

Miaka 14 ikapita. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wataalamu wa mambo ya Afrika huko Marekani, mtafiti mwingine aitwaye Linda Giles alikuwa akionyesha slaidi za vigango vilivyokuwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois. Udvardy alikuwa ukumbini. Ikapita slaidi moja, na yeye akakitambua kigango. Alikuwa amekiona kimesimama Kilifi kando ya mwenyewe, na picha alikuwa nayo.

Fikiria umekaa kwenye kiti cha plastiki kwenye ukumbi wenye baridi ya mashine, halafu ukutani anatokea mtu uliyeombwa umtafute.

Wanawake hao wawili wakaanza kufuatilia, wakishirikiana na mtafiti wa Kimijikenda, John Mitsanze. Ndugu wa pili naye akapatikana, kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Hapo mimi husimama kila ninaposimulia. Hampton ilianzishwa mwaka 1868 kuwasomesha Wamarekani weusi waliokuwa wametoka tu utumwani. Yaani ni chuo cha wajukuu wa watu walioibwa Afrika, wakauzwa ng'ambo, wakapewa majina mengine. Na ndani ya chuo hicho alisimama ndugu yake Kalume, ameibwa Afrika, ameuzwa ng'ambo, hana jina. Sidhani kama kuna aliyekusudia ubaya. Ndivyo mnyororo ulivyo, kila anayeshika pete moja haioni iliyotangulia.

Udvardy na Giles walipoendelea kuhesabu, walipata vigango 294 katika makumbusho 19 ya Marekani. Hivyo ni vya makumbusho tu. Vilivyo majumbani mwa watu hakuna aliyevihesabu.

Ndugu wa Illinois alirudi Kenya mwaka 2006, na wa Hampton akarudishwa baadaye. Ngoma zilipigwa, familia ikapokea watu wake. Lakini mzee Kalume hakuwapo. Alikuwa amekufa kitambo, akiwa na picha mkononi badala ya ndugu. Na tangu vigango viibwe, familia ilikuwa imehesabu mikosi: ukame, magonjwa, vifo. Unaweza usiamini kwamba vinahusiana. Mimi mwenyewe sijui naamini nini. Lakini mtu aliyeng'olewa makaburi, halafu akafiwa, atakosaje kuhesabu?

Ungedhani baada ya hapo mlango ulifunguka. Chuo cha Fullerton cha California kilirudisha vigango tisa, na vilipofika Nairobi vikakwama bohari la uwanja wa ndege, kwa sababu serikali ilivitoza ushuru kama mzigo wowote wa kutoka nje. Dola 47,000. Mababu waliotoka nchini bila ushuru wala pasipoti walidaiwa kodi ya kurudi kwao. Makumbusho ya Denver yalikuwa na vigango 30 vilivyotolewa na wakusanyaji wawili wa Hollywood mwaka 1990. Yaliamua kuvirudisha, na safari ikachukua miaka mpaka 2019. Mwaka 2023 Makumbusho ya Jimbo la Illinois nayo yakarudisha 37.

Ni habari njema, na nilishangilia. Lakini baadaye nikajiuliza swali ambalo mpaka leo linanikosesha raha. Hao wote wanarudi wapi?

Ndugu zake Kalume walirudi nyumbani kwa sababu moja tu: mtu aliwapiga picha wakiwa wamesimama penye mji wao, na aliyejua majina yao alikuwemo ndani ya picha hiyohiyo. Ukiondoa hiyo picha, nao wangekuwa nambari. Wale wengine karibu wote hawana picha. Hakuna anayejua waling'olewa Ganze, Kaloleni, Magarini au Malindi. Wanafika Kenya wanapokewa na Makumbusho ya Taifa, wanawekwa ghalani, na ghala la Kenya ni bora kuliko sebule ya California, sikatai. Lakini kwa sharti la kigango, ghalani si nyumbani. Kwa hiyo picha inayonitisha mimi siyo ile ya binamu. Ni zile ambazo hazikupigwa.

Likizo iliyofuata nilipanda matatu mpaka kwa hawe, nyanya yangu mzaa baba, bara ya Kilifi. Nyuma ya nyumba yake kuna mahali ambapo tangu utotoni tulikatazwa kuchezea. Nilidhani ni kwa sababu ya nyoka. Nikamwuliza, "Hawe, pale palikuwa na nini?"

Akaendelea kupepeta mahindi yake. "Pale palikuwa na watu."

"Watu gani?"

"Babu zako. Watatu. Tuliamka asubuhi tukakuta mashimo."

Sikujua. Miaka yote hiyo sikujua kwamba hadithi niliyokuwa nikiisimulia kama ya mzee Kalume ilikuwa pia ya kwetu. Nikamwuliza kama waliripoti. Akacheka kicheko kifupi. Nikamwuliza kama kuna picha. Akanitazama kama aliyeulizwa kama kuna gari. "Picha ya nini, mdzukulu wangu? Si wenyewe walikuwa pale?"

Akaniambia majina, moja moja, na nani alimzaa nani. Nikaandika kwenye simu, akanikemea, akasema simu huibwa, andika kwenye karatasi. Nikaandika kwenye karatasi.

Mbele kidogo ya yale mashimo, chini ya mkorosho, vimebaki vijiti viwili vya koma. Vifupi, havina nakshi, mwizi havimpi faida. Nikamwomba ruhusa nivipige picha naye akiwa kando. Alifikiri kwa muda. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria mimi mwenye simu na masomo.

"Na hiyo picha si ndiyo itamwonyesha mwizi njia?"

Sikuwa na jibu. Simu hizi zinaweza kubandika kwenye picha mahali hasa ulipoipigia. Ikiwafikia watu 80 ikiwa bado na maelezo hayo, umeshatangaza. Picha moja inaweza kuwa shahidi, na hiyohiyo ikawa ramani. Ya mzee Kalume ilimrudisha mtu nyumbani kwa sababu ilikaa kwa mtu mmoja aliyekumbuka alichoombwa.

Nikazima ile sehemu ya mahali, nikapiga. Hawe amesimama amejifunga leso, mkono mmoja umegusa mkorosho, hatabasamu, kwa sababu kwake hiyo haikuwa picha ya kuchekea. Nilichapisha nakala mbili mjini. Nyuma ya kila moja kuna majina ya waliosimama na ya wale watatu wasioonekana. Moja iko kwake, chini ya godoro. Nyingine ninayo.

Binamu yangu alisikia. Ameniandikia mara tatu niitume kwenye kundi, ati watu wote waione, ati safari hii ataandika ukweli. Nimemwambia aje nyumbani, hawe atamwonyesha mwenyewe.