Mawasiliano ya gari na vinavyolizunguka

Dereva wa lori akikuwashia indiketa ya kulia kwenye barabara nyembamba, anakuonya usithubutu kumpita, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, pita. Wahandisi wanataka magari yaambizane hayo kwa redio, nao wameliita jambo hilo V2X. V ni gari. X ni chochote: gari jingine, taa za njia panda, simu ya mwenda kwa miguu, mnara wa simu.

Kusema "gari lililounganishwa" hakutoshi. Limeunganishwa na nini? Basi la mikoani Tanzania lenye kifaa cha VTS, yaani cha kufuatilia mwenendo wa gari, hupeleka mwendo wake LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kupitia mtandao wa simu, lakini halisemezani na basi linalolijia mbele. Ndiyo maana kwa V2X napendekeza "mawasiliano ya gari na vinavyolizunguka". Ni refu, nakiri, ila halidanganyi.

Teknolojia zinazoshindana ni mbili. Ya kwanza, DSRC, yaani mawasiliano mahususi ya masafa mafupi, ni ndugu wa Wi-Fi: kiwango chake, 802.11p, kilipitishwa 2010. Gari hutangaza mahali lilipo, kasi na uelekeo wake hadi mara 10 kwa sekunde, bila mnara wala bando. Likienda kilomita 100 kwa saa, hukata kama mita 28 kila sekunde, hivyo tangazo jipya hutoka kila mita 3 hivi.

Ya pili, C-V2X, imetoka kwa watu wa simu. Kiwango chake cha kwanza kilikamilika 2017. Hapa wengi huteleza, wakidhani kwamba mnara ukizimika gari linakuwa bubu. La hasha. Lina njia mbili: moja hupita mnarani, nyingine huenda moja kwa moja gari kwa gari.

Redio hizi mbili hazielewani, na zote zinataka bendi ileile ya gigahezi 5.9. Marekani iliitengea DSRC megahezi 75 mwaka 1999. Mwaka 2020 FCC, tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, ikaamua 45 ziende Wi-Fi na 30 zilizobaki ziwe za C-V2X. China nayo imechagua C-V2X, huku Ulaya Volkswagen Golf ya kizazi cha nane ikitoka na 802.11p.

Kwa hiyo mwandishi mwenzangu, ukiandika kwamba gari "linawasiliana", tuambie linawasiliana na nani, na kama ujumbe unapita mnarani au la.